Nyumba Imejaa Redio Bubu, na Bili ya Redio Inakuja

Bili imekuja tena. Euro 55 na senti 8, ada ya redio na televisheni ya miezi mitatu. Kwa mwezi ni 18.36, na tangu 2013 kila kaya hapa Ujerumani inalipa, iwe na redio iwe haina. Andika barua useme huna televisheni, huna redio na wala husikilizi. Jibu lake ni kwamba hilo hukuulizwa. Kinachonikera ni kwamba mimi redio ninazo. Zimepangwa ukutani kutoka sakafuni mpaka usawa wa dirisha, na hakuna hata moja inayosema. Zote nimezitoa utumbo.

Kwa wasiojua shughuli yangu: niko Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Nikitoka kazini natengeneza kompyuta na kuziuza, ila siziweki kwenye yale makasha meusi ya dukani yenye taa za disko. Naziweka kwenye redio za zamani za valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani), kwenye kopo la mikate, kwenye sanduku la cherehani, hata kwenye deki ya kanda za video. Redio ndiyo inayotoka haraka. Miaka ya hamsini na sitini sebule za huku zilikuwa na lile lidude la mbao lililopigwa vanishi, upana karibu sentimita sitini, kioo cha mbele kimeandikwa majina ya miji. Nyingi za upande huu, uliokuwa Ujerumani Mashariki, zina nembo ya RFT, jina la viwanda vya redio vya nchi ile. Mzee wa hapa akiiona nembo hiyo analainika, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Sasa mpelekee mteja wa Kariakoo kitu kama hicho. Atakuuliza kama umefilisika. Yeye anataka kipya, nailoni haijabanduliwa, na boksi lake atalihifadhi juu ya kabati. Kuungaunga kwetu ni dalili ya kukosa. Huku mtu ana mshahara wa kununua kompyuta tatu za dukani, lakini anakuja kutoa karibu euro mia nane kwa redio iliyokuwa inaozea stoo kwa jirani yake. Usidhani zote ni faida, vifaa vinakula zaidi ya nusu.

Kazi yenyewe inawezekana kwa sababu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ndogo za Mini-ITX, ambazo kampuni ya VIA ilizileta 2001. Ni sentimita 17 kwa 17, matundu manne ya skrubu, basi. Ukipata mahali pa kusimamisha skrubu nne na pa kupitisha hewa, chochote ni kasha. Umeme wa volti 230 siuingizi ndani ya mbao kabisa. Adapta inakaa nje kama ya laptop, ndani zinaingia volti 19 tu. Na kwa kuwa mbao haizuii mawimbi kama bati, upande wa ndani naubandika karatasi ya alumini na kuiunganisha na ethi, jirani akifungua redio yake asisikie kompyuta yangu inakoroma.

Kinachokula muda ni kitu ambacho mteja hatakiona kamwe: swichi. Redio hizi zina vitufe vinene vyeupe kama vya kinanda. Ukibonyeza, kinazama na kubaki chini mpaka ubonyeze kingine. Kompyuta haitaki hivyo, inataka uguse na uachie. Ukiishikilia kama sekunde nne inajizima. Kwa hiyo nafungua safu nzima ya vitufe, natafuta kile kindoano cha chuma kinachong'ang'ania kitufe, nakikata kwa msumeno mdogo, kisha naweka springi ya kukirudisha juu. Ukikata kidogo, kinakwama. Ukikata sana, kinalegea kama jino bovu, na mteja wa huku ataligundua hilo kabla hajauliza hata kasi ya prosesa.

Wapo wakusanyaji wa redio za zamani wanaoniita mchinjaji. Nawaelewa. Ndiyo maana nachukua zilizokufa, na valvu zilizo hai nawauzia haohao.

Tuje kwenye karatasi. Cheti cha biashara, wanachokiita Gewerbeschein, ni rahisi: unakwenda ofisi ya jiji, unajaza fomu, unalipa kiasi kisichofika euro mia, unaondoka nacho. Kodi nayo ina unafuu, kwani mauzo ya mwaka jana yakiwa hayajapita euro 25,000 huna haja ya kutoza VAT. Ukifika hapo unajiona mfanyabiashara. Kumbe ukikusanya vifaa ukauza kompyuta kwa jina lako, kisheria wewe ni mzalishaji wa vifaa vya umeme, uko daraja moja na viwanda, na lazima usajiliwe kabla hujauza hata kimoja. Faini ya kuuza bila usajili inaweza kufika euro 100,000. Laki moja, za euro. Zidisheni wenyewe. Kuna ada za usajili, kuna makaratasi ya alama ya CE, ya kuonyesha kifaa kinakidhi masharti ya Ulaya, na boksi la kusafirishia nalo lina daftari lake la usajili. Halafu nyuma ya kila kompyuta lazima kuwe na ile picha ya pipa la taka lililopigwa X, kumwambia mnunuzi asikitupe kitu hiki kwenye taka za kawaida. Kitu nilichokitoa kwenye rundo la kutupwa! Kila nikibandika kile kipipa nacheka peke yangu kama mwehu.

Fundi wa Gerezani anageuza pipa la mafuta kuwa jiko na hakuna anayemuuliza namba ya usajili. Anayemuuliza ni mgambo, na mgambo mnajua anavyomalizwa. Nikiwa na hasira nasema afadhali mgambo. Nikitulia nakumbuka kwamba sokoni, kwenye Flohmarkt, yaani soko la vitu kuukuu, natandaza vitu vyangu tangu alfajiri na meza yangu haijawahi kupigwa teke.

Nanyi mnaonitumia ujumbe kila nikiweka picha, "kaka nije tufanye wote", someni kwanza kibali chenu. Kibali cha mwanafunzi hakikupi ruhusa ya kujiajiri. Ruhusa hiyo inaombwa yenyewe kwenye ofisi ya wageni, na si lazima wakupe. Kuajiriwa unaruhusiwa, siku nzima 140 kwa mwaka. Ila kuuza kompyuta mtandaoni "kidogokidogo" si kuajiriwa, na jina lako litakuwa pale pale kwenye tangazo. Ile hela ya akaunti iliyofungwa, mnayoweka benki ili mpate viza ya masomo, euro 11,904, msiipigie hesabu ya mtaji. Inatoka 992 kwa mwezi, na kodi ya chumba inaisubiri mlangoni.

La mwisho, maana hili limenikaa rohoni. Kuna mama mmoja ana duka la mapambo, anachukua kazi zangu na kuziuza. Akaniambia niandike kwenye kadi kwamba ni ubunifu wa Kiafrika, bei itapanda. Nikamuuliza: redio ya hapa, prosesa ya Kimarekani, feni ya Austria, fundi amesomea ufundi hapahapa miaka mitatu, Afrika iko wapi zaidi ya sura yangu? Akacheka, akadhani natania. Sikuandika.

Ila sasa kuna redio moja kitambaa chake cha spika kilikuwa kimechanika na kuganda moshi wa sigara wa miaka na miaka, hakipitishi hewa, feni inapiga kelele bure. Nikachukua kanga kuukuu, nikakata kipande cha mji, pindo na jina nikaviacha, nikakivuta na kukigundi mahali pake. Pamba nyepesi, hewa inapita vizuri, prosesa ikapoa. Nilifanya kwa ajili ya joto, narudia, kwa ajili ya joto. Imeuzwa asubuhi ileile ilipofika dukani, na mama yule ananitazama kwa tabasamu ambalo silipendi. Anataka nyingine tano, zote za kanga.

Kwa hiyo: nani anatoka Dar mwezi ujao anakuja pande za Leipzig au Berlin? Nahitaji doti tatu, rangi zilizokolea, pamba tupu, si zile za kuteleza. Nitalipa kwa bei ya Kariakoo. Anayetaka kunipigia bei ya ughaibuni abaki nazo.