Ngazi Niliyoipigia Mstari

Fomu ya kuomba lile jengo la zamani lilindwe kisheria lisibadilishwe niliijaza mimi, kwa mkono wangu, kwa usiku mmoja. Wenzangu kwenye kamati walisema nina mwandiko mzuri. Nadhani waliikimbia tu.

Uso wa jengo niliusifia kama posa: madirisha ya tao, lipu ya chokaa, mlango wa kuchonga, hata mfereji wa maji ya mvua. Ndani nilikuwa nimeingia mara moja tu. Mwenye jengo alitutembeza kwa adabu, ila kila mara aliangalia saa. Ngazi niliiona hapo. Ilipinda mara mbili ikipanda, na vidato vyake vya mbao vilikuwa vimelika upande wa kushikia, kwa miguu ya watu wa miaka na miaka. Niliinama nikalaza dole gumba kwenye kibonde kimoja. Likaenea.

Sikuiandika. Mmoja wetu alisema tukigusa mambo ya ndani mwenyewe atakuja juu, tukose vyote. Nikaona ana hoja, na usiku ulikuwa umekwenda.

Kikao cha kusikiliza maoni kilipita bila mtu kupinga. Jengo likaingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, tukapongezana sana. Miezi michache baadaye nikasikia mafundi wanatoa mbao. Nilikimbilia kwa ofisa anayehusika, nakala ya fomu mkononi, nikitaka kazi isimamishwe siku hiyo hiyo. Aliisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akanirudishia.

“Ndugu yangu, hapa mmelinda kuta.”

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata New York walipitia hayo. Kituo cha treni cha Penn Station kilianza kubomolewa 1963, uchungu wake ukasaidia kuleta sheria ya kulinda majengo mwaka 1965, lakini sehemu za ndani zilisubiri hadi 1973 ndipo sheria ikarekebishwa, tena kwa zile tu ambazo umma huruhusiwa kuingia. Habari hiyo ilinifariji kwa siku moja hivi. Wao hawakuwa na kifungu. Sisi tulikuwa nacho: ukurasa wa tatu, “Sehemu za ndani zenye thamani”, na hapo kwenye nafasi nilikuwa nimepiga mstari kwa rula.

Nilirudi kwenye jengo. Ngazi haikuwepo, ila ukutani ilibaki alama yake, meno meno yakipanda mpaka juu: rangi iliyofifia upande mmoja, chokaa tupu upande wa pili. Nikatoa futi kamba, nikaanza kupima kutoka chini na kuandika nyuma ya ile nakala. Mwenye jengo alinikuta nimefika kidato cha tano. Alinitazama kidogo, hakusema kitu, kisha akaja akanishikia ncha ya futi. Tulihesabu pamoja. Vilikuwa 22.