Ekzosi mpya, injini kuukuu: jinsi nilivyoituni Yamaha DT 175 hapa Mtwara

Niliikuta Yamaha DT 175 yangu chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba ya mtu huko Nanyamba, ikiwa imekaa hapo miaka kadhaa na kuku wakiwa wameifanya kichaka chao cha kutagia. Injini yake ni ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wa boti huita tustroki, inayopozwa kwa hewa, yenye silinda ya upana wa milimita 66 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, yaani ujazo wa sisi (cc) 171. Ilipiga kiki na kuwaka siku ya pili baada ya kusafisha tangi na kabureta, na kwa miezi michache iliniendesha vizuri kati ya Shangani na shule ninakofundisha, hadi ekzosi yake ya kiwandani ilipooza kabisa kwa kutu. Nilipokosa ya aina ileile niliagiza Dar es Salaam ekzosi ya mtumba yenye tumbo kubwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano, nikampelekea mchomeleaji anibadilishie vishikizo ili ikae kwenye fremu.

Nilidhani nimebadilisha bomba la kutolea moshi tu. Kwenye injini ya mipigo miwili, hata hivyo, ekzosi ni sehemu ya injini yenyewe, kwa kuwa silinda haina vali za kufunga na kufungua milango yake, na kwa kitambo kifupi mlango wa kuingiza mchanganyiko na mlango wa kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja. Wimbi la moshi linapofika kwenye sehemu ya ekzosi inayopanuka, hurudisha nyuma mvuto unaonyonya moshi uliobaki pamoja na kiasi cha mchanganyiko mbichi; likifika kwenye sehemu inayosinyaa, hurudisha msukumo unaousindika ule mchanganyiko ndani ya silinda kabla pistoni haijafunga mlango. Ekzosi ya mashindano hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi katika mzunguko wa juu, kwa hiyo injini huvuta hewa nyingi kuliko ilivyozoea, na kabureta iliyopimwa kwa ekzosi ya zamani hubaki ikitoa petroli ya kiwango cha zamani. Petroli ikipungua, joto hupanda. Nilikuwa nimewahi kuyasoma hayo yote, na bado sikuyazingatia.

Jumamosi ya kwanza nilitoka kwa barabara ya Naliendele, na pikipiki ilikuwa tamu ajabu. Ilipofika mzunguko wa kati ilikuwa kama mtu ameisukuma kwa mgongo, na sauti ikageuka kutoka ngurumo kuwa kilio chembamba. Nilivuta mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na kabla sijafika Mnivata gurudumu la nyuma likakaza ghafla na kuacha mstari mweusi kwenye lami. Vidole vilikamata klachi kabla akili haijaelewa, na nadhani hicho ndicho kilichoniokoa. Nilipofungua silinda jioni, upande wa pistoni unaotazama mlango wa moshi ulikuwa umekwaruzika wima, na alumini yake imejipaka kwenye ukuta wa silinda kama siagi. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli kupungua.

Silinda ilichongwa, nikaweka pistoni iliyozidi ile ya awali kwa milimita 0.25 na ringi mpya. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta jeti, yaani kipande chenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta; namba yake ikikua, petroli huongezeka. Jeti kuu iliyokuwamo ilikuwa namba 140. Fundi mmoja alishauri tuipanue tundu kwa waya mwembamba, na nilikataa, kwa sababu tundu lililokwaruzwa halina namba tena, na mtu asiyejua yuko kwenye namba ngapi hawezi kujua anakwenda wapi. Niliagiza jeti sita, kuanzia 150 hadi 175, zikaja kwa basi ndani ya kopo la filamu. Nilianza na kubwa kuliko zote kwa makusudi: mafuta yakizidi injini itakohoa, itatoa moshi na kuloanisha plagi, lakini haitakaza. Nikazungushia mkono wa mafuta utepe wa karatasi na kuuwekea alama za robo, nusu na robo tatu, kwa kuwa kila eneo la mkono huo lina kifaa chake ndani ya kabureta. Skrubu ya hewa na jeti ndogo hutawala mwanzo kabisa, sindano hutawala kuanzia robo hadi robo tatu, na jeti kuu hushika kuanzia hapo hadi mwisho.

Kupima jeti kuu ni kazi ya plagi mpya. Unapasha injini moto kwa plagi ya zamani, unaweka mpya, unatafuta kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na watu, unavuta mafuta mpaka mwisho kwa kitambo kifupi, kisha kwa mkupuo mmoja unazima injini na kukamata klachi, na unaiacha pikipiki iserereke hadi isimame. Ukiirudisha nyumbani ikiwa inawaka umeharibu ushahidi wote, maana plagi itaandika habari za mwendo wa polepole. Mimi nilikuwa naifungua palepale kando ya barabara, nikiitazama kwa kioo cha kukuzia nilichoazima maabara ya shule. Alama ya kutazama si ile ya ncha, bali ule mzunguko mwembamba ulioko chini kabisa ambapo kaure inaingia kwenye chuma. Nilikuwa nataka rangi ya kahawia, kama korosho iliyokaangwa hadi kuiva.

Kwa wiki tatu plagi zilinidanganya. Kwa jeti ya 175 nilipata weusi jioni moja na weupe asubuhi iliyofuata, kwenye barabara ileile. Sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwaka bila kuvutwa mafuta, haikukaa: injini ilinguruma juu bila mkono kuguswa, nikaipunguza kwa skrubu, kesho yake ikazima. Na jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema, nilipoachia mafuta baada ya mwendo mrefu, mzunguko ulining'inia juu kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kushuka. Mimi niliandika kwenye daftari kwamba waya wa mafuta unakwama, nikaupaka grisi.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa mashine za boti pale Mikindani, mzee aliyezitengeneza injini za namna hii tangu ujana wake. Aliisikiliza ikiwaka, akaniambia, "Mwalimu, unahangaika na jeti bure. Injini hii inapumulia pembeni." Kisha akaeleza kwamba kwenye injini ya mipigo miwili mchanganyiko hupita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, kwa hiyo sili ya kranki, ule mpira unaoziba mwanya unaozunguka mhimili wake, ikichoka huingiza hewa ambayo kabureta haijui habari zake, leo nyingi, kesho kidogo, kulingana na joto.

Alinielekeza namna ya kupima, na kifaa nilikipata kwa jirani yangu, muuguzi mstaafu, ambaye aliniazima mashine ya kupimia presha kwa sharti kwamba isirudi na harufu ya petroli. (Ilirudi nayo, shikamoo na radhi nimeshaziomba.) Niliziba mlango wa ekzosi na mlango wa kabureta kwa vipande vya tyubu na vibanio, nikaingiza mpira wa pampu kwenye kimoja, nikajaza upepo hadi mshale ukasoma 300. Mshale ulipaswa kutulia kwa dakika kadhaa. Ulishuka hadi 100 kabla sijamaliza kuhesabu ishirini. Nilipofungua kifuniko cha kushoto, nikatoa magneti na kupaka povu la sabuni kwenye sili ya kranki, mapovu madogo yakaanza kuota kwenye mdomo wake, moja baada ya jingine, kama chungu cha maharage kinapoanza kuchemka. Mpira wa sili ulikuwa mgumu kama ukucha. Miaka ile yote chini ya mkorosho iliukausha, na huenda ndio ulioikaza injini siku ile zaidi hata ya ekzosi.

Baada ya sili mbili mpya na gasketi mpya ya ekzosi, mshale ulisimama, na kutuni kukawa kazi ya Jumamosi mbili. Jeti ya 175 ilikohoa waziwazi; 170 ilikohoa kidogo mwishoni; 160 ikatoa ile rangi ya korosho, mara tatu mfululizo. Katikati bado ilikuwa na upungufu, nikateremsha klipu ya sindano kwa tundu moja ili sindano ipande, upungufu ukaisha. Skrubu ya hewa niliimalizia mwisho, injini ikiwa moto, kwa kuizungusha polepole hadi pale mzunguko ulipokuwa juu kabisa, ndipo nikashusha sailensa. Kwa muda wa kuzoeza pistoni nilitia pia oili kwenye tangi, mililita 20 kwa kila lita, juu ya ile inayopelekwa na pampu ya oili ya injini yenyewe, na nilipoiacha niliipima plagi upya, kwa kuwa oili ndani ya petroli huchukua nafasi ya petroli na kuifanya jeti ileile itoe mafuta pungufu.

Nimeipandisha hadi Newala mara moja tangu hapo. Huko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mkono ukiwa mwisho injini iligugumia kidogo kwa mafuta ya kuzidi. Sikuigusa. Jeti ya 165 nimeihifadhi kwenye kopo lile la filamu, nikisubiri asubuhi za baridi za Julai, hewa ya pwani inapokuwa nzito, niipime na ile niliyonayo sasa.