Bia ya Moto Palermo

Roma walinikamata usiku wa kwanza. Nilikuwa natoka kwenye mafunzo, miguu imevimba, nikaona meza za nje zenye vitambaa vya miraba karibu na Pantheon, lile hekalu la kale linalojaa watalii, nikakaa. Nikaagiza sahani ya vitu vya kukaanga na bia mbili ndogo. Bili ikaja euro 31. Mkate ambao sikuuagiza ulikuwa na mstari wake, huduma nayo ilikuwa na mstari wake, na bia yenyewe ni ile ile ya kiwanda kikubwa unayoikuta uwanja wowote wa ndege. Zaidi ya shilingi elfu themanini, kwa vipande vitano vilivyonywea mafuta. Ua la boga lilikuwa limelala kwenye sahani kama kitambaa cha deki.

Binamu yangu, ambaye yuko huko mwaka wa tisa sasa, alicheka hadi akashika ukuta. "Kaka, wewe hukula chakula. Umelipia Pantheon."

Siku nne za mafunzo sina la kusimulia. Kahawa ilikuwa nzuri, projekta iligoma mara mbili.

Jioni ya pili binamu alinivusha mto hadi Trastevere kunifuta machozi. Kwanza supplì, za kununua dirishani na kula umesimama. Ni donge la wali uliopikwa na mchuzi wa nyama na nyanya, katikati wanatia jibini ya mozzarella, wanaliviringisha kwenye chenga za mkate na kulizamisha kwenye mafuta ya moto. Ukilimega, jibini inavutika kati ya vipande viwili kama waya. Waroma wanaiita supplì al telefono. Watoto wa siku hizi itabidi waelezwe, lakini mimi nimekulia kwenye simu ya mezani yenye waya wa kujisokota, nikaelewa kabla binamu hajamaliza sentensi.

Tukazibeba hadi kwenye baa finyu ambayo wateja wake wengi wamesimama barabarani. Inaitwa Ma Che Siete Venuti a Fà, ipo tangu 2001, na binamu alinitafsiria jina: "Sasa nyie mmekuja kufanya nini?" Ni maneno ya kuwazomea mashabiki wageni uwanjani. Baa ya Tanga ikiitwa hivyo, mwenye nayo atakunywa peke yake.

Hapo ndipo niliposikia habari ya birra artigianale, yaani bia ya fundi. Viwanda kama Baladin cha Piozzo na Birrificio Italiano vilianza kutengeneza bia mwaka 1996, katika nchi ambayo mezani mwenye cheo alikuwa mvinyo peke yake. Sheria yao ya 2016 inasema bia ya fundi lazima itoke kwenye kiwanda kidogo kisicho chini ya mkubwa yeyote, isipashwe moto wa kuua vijidudu wala kupitishwa kwenye vichujio vya matundu madogo kabisa, na kiwanda kisizidi hektolita 200,000 kwa mwaka. Nikapiga hesabu kwenye simu. Lita milioni 20. Kumbe hicho ndicho kidogo chao.

Bia niliyopewa ilikuwa pilsner ya dhahabu, chungu kidogo, yenye harufu ya majani mabichi. Nikauma supplì, nikapiga funda, na mafuta yote yaliyokuwa yameuganda ulimi yakaondoka. Gesi inakwangua, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unamalizia, na mdomo unarudi ulivyokuwa kabla hujala. Kwa hiyo unauma tena. Nilikula supplì nne nikidhani ni mbili.

Kesho yake tulikula filetti di baccalà sehemu ambayo watu wanaiita Dar Filettaro, karibu na Campo de' Fiori. Nilisimama pale mlangoni kifua mbele kwa ajili ya jiji letu, hadi binamu aliponiambia kwamba "dar" kwa Kiroma ni "kwa" tu. Baccalà ni ng'onda ya Ulaya: samaki wa chumvi, wanamloweka siku kadhaa chumvi ipungue, kisha wanamvisha rojo la unga na kumkaanga.

Nikiwa namtafuna huyo ng'onda ndipo lilipoanza kunisumbua jambo moja. Kwetu vitu hivi viwili havikai meza moja. Bajia, kachori, katlesi, sambusa, zote hizo ni za chai ya asubuhi na za futari. Bia ina watu wake: nyama choma, kitimoto, kuku wa kuchoma. Mama mkubwa wangu alikaanga bajia za dengu barazani Ngamiani miaka yote ya utoto wangu, na walevi wa mtaa walipita pale wakanunua kwa heshima, wakaenda kuzila nyumbani kwanza, ndipo wakatoka tena kwenda baa. Hakuna aliyewakataza. Hata mimi ninayekunywa sikuwahi kuwaza kubeba bajia zake hadi kaunta.

Nilikuwa na siku tatu za ziada. Binamu akasema, kama ni bajia unazozitafuta, nenda Palermo, kisiwani Sisilia.

Treni ya kutoka Roma kwenda Palermo inachukua siku nzima, kiti kigumu, na kiyoyozi cha behewa letu kilikuwa na msimu wake binafsi. Lakini kwenye mlango wa bahari wa Messina hutelemki kupanda boti. Treni yenyewe inakatwa vipande na kusukumwa ndani ya feri, na wewe umo. Nikapanda ngazi hadi baa ya feri, nikauziwa donge la wali la kukaanga kubwa kama ngumi, nikashukuru kwa kusema "arancina". Muuzaji akanirekebisha: arancino. Mzee mmoja abiria wa Palermo akamrekebisha muuzaji: arancina! Feri ikavuka wakiwa bado wanabishana, na mimi nimeshamaliza kula.

Ballarò ni soko la kelele. Wachuuzi wanaimba bei, maji yanatiririka miguuni, na ndimi zinazosikika si za Kisisilia tu: kuna Kibengali, kuna lugha za Afrika Magharibi. Kabla ya kuingia nilipita kwenye duka la mvinyo, nikakuta rafuni chupa ya Isaac ya Baladin, bia ya ngano, nyeupe, yenye ukungu. Euro 5. Friji yao ilikuwa imejaa mvinyo mtupu. Nikaichukua hivyo hivyo, ya moto. Baba yangu alikunywa za moto maisha yake yote, nikaona si tatizo.

Lilikuwa tatizo. Kwenye banda la panelle, ndizo bajia zao za dengu, nilimkuta mzee mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Nikanyoosha vidole viwili kuomba mikate miwili. Mzee akaiona chupa kwapani mwangu, akaichomoa bila kuomba ruhusa, akaishika na viganja viwili kama mtu anayempima mtoto homa, akatikisa kichwa. Halafu akasema maneno mengi. Kijana wa Kigambia aliyekuwa anamenya viazi nyuma akanitafsiria kwa Kiingereza: "Anasema hakuuzii."

"Kwa nini?"

"Bia ni ya moto. Anasema utaharibu panelle zake halafu utasema Palermo ni pabaya."

Mzee akavuka njia na chupa yangu hadi kwa muuza samaki wa jirani, akafukua barafu, akaizika kati ya dagaa na pweza, shingo tu ikabaki nje. Akarudi, akanionyesha vidole kumi mara mbili. Dakika ishirini. Nikapewa kreti nikalie.

Basi nikaangalia. Sufuria ya unga wa dengu, maji na chumvi, na yule kijana anausonga kwa mwiko bila kupumzika, kama ugali ambao bado haujaamua kuwa ugali. Ukianza kuachia kuta za sufuria, unatiwa majani ya parsley yaliyokatwakatwa, unapakazwa upesi kwenye sahani, mwembamba, unaachwa upoe na kushika. Ukishashika unabanduka kama karatasi. Unakatwa, unatoswa kwenye karai, unavimba kidogo pembeni na kugeuka rangi ya dhahabu. Kando kuna vidonge virefu vya viazi, ndugu wa katlesi, vinaitwa cazzilli. Jina hilo sitalitafsiri, mama mkubwa siku hizi anasoma kwenye simu.

Kijana akaniambia wenyeji husema panelle ni za tangu Waarabu walipoutawala mji huu. Sikubisha. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti, moshi wa dengu unanipiga usoni, na kama si kanisa lililokuwa mbele yangu ningeapa niko Barabara ya 12.

Dakika ishirini zikawa thelathini. Chupa ikarudi ina magamba mawili ya samaki shingoni. Mzee akaifuta kwa aproni, akaifungua kwa kitako cha kisu, akajaza panelle kwenye mkate wa ufuta, akakamua limau, akanisimamia kama mwalimu wa zamu.

Nikauma. Ni bajia. Ni bajia kabisa, ila kuna kitu kimekosekana, laini ya chini haipo, kama wimbo uliotolewa ngoma. Giligilani! Mama mkubwa alikuwa anaziponda mbegu za giligilani na kuzitia kwenye unga, na hapa hawatii. Nikapiga funda la bia, na giligilani hiyo, imo kwenye chupa. Bia za ngano za aina hii zinatengenezwa kwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Kiungo kilichokosekana kwenye bajia kilikuwa kinanisubiri kwenye bia, na limau la mzee na machungwa ya chupa wakaitana. Nilisema kitu kwa Kiswahili, sikumbuki nini. Mzee akapiga kofi mezani, akarudi kwenye karai lake. Mikate miwili, euro 6, na barafu bure.

Jioni nikampigia mama mkubwa.

"Unakula nini huko, mwanangu? Wasije wakakulisha vya ajabu."

"Bajia, mama. Za dengu."

"Uzungu una bajia?" Akacheka. "Na unashushia nini? Chai wanayo?"

Chupa tupu ilikuwa dirishani, bado ina harufu ya dagaa.

"Kuna kinywaji chao. Kina giligilani na maganda ya machungwa."

"Ah, hiyo dawa ya kifua hiyo," akasema. "Lakini uinywe ya moto."