Kufundisha habari za soko la hisa kwa projekta moja

Mwalimu wa Commerce aliyeko Tukuyu au Makete hahitaji vishikwambi arobaini ili wanafunzi wake wajue kusoma habari za uwekezaji. Laptop moja, projekta moja na taarifa ya siku ya Soko la Hisa la Dar es Salaam vinatosha, mradi taarifa iwe imepakuliwa tangu usiku. Kufungua tovuti kipindi kikiendelea ni bahati nasibu, hasa masika.

Ukihamisha bei kutoka PDF kwenda Excel, angalia zimekaa upande gani wa seli. Zilizoegemea kushoto zimesomwa kama maandishi, na fomula ya kujumlisha, SUM, itaziruka bila kukuonya. Mara nyingi kuna nafasi iliyojificha ndani ya namba. Kuitafuta kwa kuandika nafasi ya kibodi hakusaidii. Inakili kutoka kwenye seli yenyewe, bonyeza Ctrl+H, ibandike kwenye kisanduku cha kutafuta, cha pili kiache kitupu.

Kisha hesabu moja tu, polepole. Kampuni ya kubuni: hisa sh. 400, gawio (faida anayogawiwa mwenye hisa) sh. 30. Darasa litakimbilia 30/400, asilimia 7.5. Waache. Halafu ongeza kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla gawio halijakufikia, asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni: linabaki gawio la sh. 28.50. Ongeza kamisheni ya dalali na tozo, tuseme asilimia 2. Hisa sasa imegharimu sh. 408, na mapato ni takriban asilimia 6.99. Kodi na tozo zikae kwenye seli zake, na ndani ya fomula uzifunge kwa alama ya dola, mfano $B$1. Usipofanya hivyo, ukiburuta fomula kwenda chini itahamia seli tupu na kodi inakuwa sifuri. Hakuna ujumbe wa kosa. Utaona tu kampuni za chini ya jedwali zinalipa vizuri kuliko za juu.

Penye utamu ni kwenye fahirisi, yaani namba moja inayoonyesha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja. Soko la Dar lina mbili za kulinganisha, DSEI na TSI. DSEI inabeba kampuni zote, zikiwemo za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar kama benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL. TSI ni za Tanzania peke yake. Ndiyo maana gazeti linaweza kuandika kuwa soko limeshuka wakati benki za hapa, NMB na CRDB, hazijatikisika: bei imeanguka Nairobi, au shilingi ya Kenya imeyumba. Chora zote mbili kwenye grafu moja, lakini kwanza gawanya kila thamani kwa ile ya siku ya kwanza, uzidishe kwa 100, ili zianzie mahali pamoja.

Kwa kampuni ndogo, safu ya kwanza kusomwa iwe idadi ya hisa zilizouzwa. Wanafunzi wa Iringa watauliza kuhusu benki ya Mucoba ya Mafinga, na ni swali zuri. Bei iliyoganda wiki nzima si lazima iwe imetulia. Huenda hakuna aliyenunua wala kuuza.

Kuhusu umeme: projekta ya balbu ikizimika ghafla, feni nayo husimama na joto hubaki ndani. UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ya 650 VA haitamaliza kipindi, ila inatoa dakika chache za kuizima ipasavyo. Kama hakuna UPS, umeme ukirudi subiri ipoe kabla ya kuiwasha.