Matanga Katika Mwezi wa Nane

Alhamisi, usiku

Kamati ya mazishi ya Nairobi huanza kazi machozi hayajakauka. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, namba ya kutumia mchango inabandikwa, na kila jioni watu wanakutana, ama nyumbani kwa marehemu kule Kayole ama kwenye ukumbi wa hoteli mjini, kuhesabu kilichoingia na kilichopungua. Kuna mtu wa jeneza, mtu wa mochari, mtu wa basi, mtu wa kuchapisha ratiba ya ibada. Mtu wa mjamzito hayupo. Binti wa marehemu ana wiki 35, ameketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, na kila apitaye ana lake: shangazi anamkataza kusafiri, mjomba anamwambia asipofika kaburini atajuta maisha yake yote, mamamkwe anamtuma akapeleke chai kwa wageni kwa kuwa eti kutembea kunafungua njia.

Sisi wa kliniki ya wajawazito humpata baada ya hapo, amechoka, na kijitabu chake cha mama na mtoto kina nafasi tupu pale palipopaswa kuandikwa hudhurio la wiki ya 34. Ndiyo maana nasema kamati imteue mtu mmoja zaidi, shemeji au rafiki asiye na kazi nyingine msibani, ashike mambo ya mjamzito tu. Yanayofuata ndiyo kazi yake.

Kuhusu kilio, amwache alie. Wazee watamwambia ajikaze asije akazaa mtoto mwenye huzuni, lakini machozi hayamdhuru mtoto wala kumtia alama. Kinachomfikia mtoto ni yale yanayoandamana na kilio: mama hali, hanywi maji, anasahau vidonge, anaruka kliniki.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni kwamba huzuni inafanana mno na ugonjwa. Kichwa kinamgonga: amelia sana. Uso umemvimba: amelia sana. Macho yana ukungu: hajalala. Tumbo linamuuma juu, chini ya mbavu za kulia: ni njaa, ni asidi. Kila dalili imepatiwa sababu, na hakuna anayeshtuka. Dalili hizohizo ndizo za presha ya ujauzito, ile inayoweza kuishia kifafa cha mimba, na hata mkunga wa miaka mingi hawezi kutofautisha kwa kumtazama mtu usoni. Inapimwa. Kemisti nyingi za mtaani zina mashine. Aketi kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze wakati mkanda unajaa. Ikisoma 140/90 au zaidi aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe na mkojo. Ikifika 160/110, ni saa hiyohiyo, hata kama mwili ndio unatolewa mochari. Na hata mashine ikisoma vizuri, kichwa kikali kisichotulia kwa paracetamol, au macho yanayoona vimulimuli, yatoshe kumpeleka. Kamati ikipima presha kila asubuhi mpaka siku ya mazishi haitakuwa imepoteza chochote.

Kwenye dawa nako kuna mtego, kwa sababu matanga yana shangazi wengi wenye mikoba yenye dawa za maumivu kama diclofenac. Katika miezi ya mwisho, diclofenac na ibuprofen zinaweza kubana mshipa ambao mtoto anautegemea karibu na moyo kabla hajazaliwa, na kupunguza maji yanayomzunguka. Paracetamol ndiyo ya kichwa na mgongo: vidonge 2 vya miligramu 500, aache saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku. Aspirini ya maumivu asinywe. Lakini kama daktari alimwandikia ile ndogo ya kuzuia presha, hiyo asiiache bila kumuuliza. Vidonge vya usingizi vya kuazimana, hapana kabisa.

Sasa chai. Msiba wa Kenya unaendeshwa na chai ya maziwa, sufuria baada ya sufuria, na mjamzito atapewa kikombe kila anapoketi. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kidonge cha kliniki cha kuongeza damu kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Akikimeza na chai, sehemu kubwa ya chuma hicho inapita bure. Akimeze usiku kwa maji, au asubuhi kwa chungwa, na akae saa 1 kabla ya chai au saa 2 baada yake. Choo kikikaza, dawa ni maji na mboga, wala si kuacha kidonge.

Maji yenyewe yanasahaulika. Mjamzito aliyekauka hupata tumbo linalokazakaza, na hapo ukoo mzima unapiga kelele kwamba uchungu umeanza. Anywe vikombe viwili, alale kwa ubavu. Kukaza kusiko na mpangilio kutatulia ndani ya saa moja hivi. Uchungu wenyewe hautulii: unakuja kwa mpangilio, unakaribiana, unazidi nguvu. Na kabla ya wiki 37, kukaza kwenye mpangilio ni safari ya hospitali bila kujadiliana, kama ilivyo kwa damu au maji yanayovuja wakati wowote.

Chakula cha matanga hupikwa alfajiri kikaliwa saa nane mchana, baada ya hotuba za wanasiasa. Kwa tumbo la mjamzito hayo ni masaa mengi ya njaa, kisha wali uliokaa vuguvugu tangu asubuhi. Mtu wake awe na kikapu: mayai yaliyochemshwa yakaiva hadi kiini, ndizi, njugu, na chupa ya uji wa wimbi. Amketishe mbali na moshi wa jikoni, na kiti kiwe chenye mgongo, na kingine cha kuinulia miguu. Akitaka kujinyoosha hemani alale kwa ubavu. Akilala chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kizunguzungu hufuata.

Kuna maneno ambayo yakisemwa mbele yangu napandisha sauti: "mtoto naye anaomboleza, ndiyo maana ametulia." Mtoto haombolezi. Mtoto aliyepunguza kucheza huenda amepungukiwa hewa, na wala si kweli kwamba watoto hutulia wanapokaribia kuzaliwa. Mfiwa anaweza kushinda kutwa asiwe na habari na tumbo lake, kwa hiyo awekewe saa. Baada ya chakula cha jioni aingie chumba kisicho na wageni, simu ibaki nje, alale kwa ubavu na kuhesabu mara mtoto anapocheza mpaka 10. Wengi hufika hapo upesi. Saa 2 zikiisha bila 10, au akiona tu kwamba leo mchezo si ule wa kawaida yake, asingoje kupambazuke.

Swali la kusafiri ndilo linalogawa familia. Waislamu wengi wa Eastleigh na Pumwani hawana mzigo huu, maana maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku ileile, hapa hapa mjini. (Aliyefiwa na mume akiwa mjamzito, eda yake inakwisha anapojifungua, si kwa ile hesabu ya miezi minne na siku kumi, na kwenda kliniki ni haja, haivunji eda.) Kwa wengine wengi mazishi ni mashambani, na Kisumu ni kilomita 350 hivi, kutwa nzima barabarani.

Asiende mwenye presha, mwenye pacha, aliyetokwa damu, mwenye kondo la nyuma lililokaa chini, wala aliyewahi kujifungua kabla ya wakati. Akishapita wiki 36 sisi humshauri abaki, na mashirika mengi ya ndege nayo hayambebi. Kati ya wiki 28 na 36 yatadai barua ya daktari. Anayeruhusiwa aende, lakini si kwa ratiba ya msafara wa mwili: kukesha barabarani usiku, kuzika mchana, kurudi Nairobi usiku uleule. Ratiba hiyo inawachosha hata vijana wa kubeba jeneza. Aondoke siku moja mbele, mchana, alale huko, arudi siku ya pili baada ya mazishi.

Kwenye gari, mkanda wa chini upite chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti na kuzunguka ubavuni mwa tumbo. Usikatize juu ya tumbo hata kidogo. Kwenye basi au matatu achague kiti cha mbele ya katikati, upande wa njia, maana nyuma kila tuta linamrusha. Kila saa moja na nusu washuke, atembee dakika 10, akojoe. Ujauzito unafanya damu igande kwa urahisi, na kukaa kwingi miguu ikining'inia kunazidisha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali. Mtu wake ajue hospitali zilizo njiani: Naivasha, Nakuru, Kericho, kisha Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu. Mkoba wa kujifungua uende naye: kijitabu, kitambulisho, leso mbili, pedi kubwa, pamba, nguo za mtoto, shali, beseni. Ndio, hata beseni.

Anayeelekea kanda ya ziwa au magharibi akumbuke mbu. Mkazi wa Nairobi hana kinga ya malaria kama ya mwenyeji, na malaria humwandama mjamzito vibaya. Chandarua chenye dawa kiende kwenye sanduku. Aulize kliniki kuhusu SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, kabla ya kuondoka. Asivinywe mtu anayetumia Septrin kila siku. Homa yoyote, hata baada ya kurudi, ipimwe siku hiyo.

Anayebaki naye apewe msiba wake. Mwili utazamwe Nairobi kabla ya safari, kwenye kanisa dogo la mochari na si ndani, ambako formalini inachoma macho na koo. Zipo jamii zinazomzuia mjamzito kumwona maiti au kukaribia kaburi. Kwa upande wa tiba sina pingamizi zaidi ya harufu, msongamano na kusimama muda mrefu, kwa hiyo naona aulizwe yeye. Siku ya mazishi asiachwe peke yake na simu inayorusha ibada. Mtu abaki naye, mwenye gari au namba ya dereva wa kuaminika.

Kwa aliyeajiriwa: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, wala haipunguzi likizo yake ya mwaka, siku 21 za kazi. Waajiri watamwambia, kwa nia njema kabisa, "anza tu likizo ya uzazi sasa." Akikubali akiwa wiki 34, wiki zote atakazoishi msibani zitakatwa kwenye zile za kunyonyesha. Atumie siku za mwaka, au za msiba kama mkataba wake unazo.

Pesa ya kujifungua isiingie kwenye bajeti ya jeneza. Najua ni neno gumu kulisema mbele ya wazee. Mtu wa mjamzito aishike yeye, akague pia kwa *147# kama usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa, hasa ikiwa aliyekuwa akilipa ndiye marehemu. Waliozoea kujifungua bure kwa Linda Mama wakumbuke mpango ule wa NHIF, bima ya zamani, ulipisha SHA Oktoba 2024.

Jina nalo litagombaniwa kabla mtoto hajazaliwa. Wakikuyu wana mpangilio wao wa babu na nyanya, Wajaluo na Waluhya wana wafu wao wanaodai kurudi, na kila mmoja atamgeukia mjamzito kana kwamba anaomba kura. Hakuna haraka, kuandikisha kuzaliwa kuna muda wa miezi 6.

Jambo la mwisho kwa mtu wake ni la kalamu. Juu ya kijitabu, mahali panapoonekana, aandike: "Amefiwa na mama mzazi," na tarehe. Nesi wa zamu ya usiku akilisoma hatamuuliza mama yake atafika saa ngapi na uji. Na kwenye kliniki ya wiki ya 6 baada ya kujifungua, mkunga atajua kuuliza usingizi na hamu ya kula vikoje; kama kwa wiki mbili mfululizo hakuna kinachompendeza, au anawaza kujidhuru, apelekwe kwa daktari, asiambiwe tena kwamba ni msiba.