Kuna jaji mmoja huku Minnesota namkubali sana

Jamani huku Minneapolis kuna shule ya mtoto wa dada inaitwa Justice Page, nikawa najiuliza Page ndo nani hadi 2017 wakaondoa jina la gavana wa zamani wakaweka lake. Kumbe ni Alan Page, jamaa alicheza football ya Kimarekani chuo cha Notre Dame wakabeba ubingwa 1966, akaja Vikings, timu ya huku Minnesota, na 1971 akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi nzima. Na ni mtu wa kukaba bana, kabla yake hakuna mkabaji aliyewahi kupewa hiyo!

Ila mi kilichonimaliza ni shule. Bado anacheza, analipwa, huku anasoma sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, kamaliza 1978 (mi na kazi moja tu nasinzia kwenye basi). Huku majaji wanapigiwa kura, 1993 akaingia Mahakama ya Juu ya jimbo, mweusi wa kwanza, akakaa mpaka 2015 umri wa kustaafu ukamfikia.

Alafu eti ujanani alifanya kibarua cha ujenzi wa jumba la magwiji wa football kule Canton kwao, na 1988 wakamuingiza humohumo kama gwiji 😂