Nilivyofuma bangili ya shanga inayohimili kuvaliwa kila siku

Watu wakiiona bangili ya shanga husifu rangi. Mimi huigeuza kwanza, nikaangalia inapofungiwa na uzi umepitaje. Ni kwa sababu nilipoanza burudani hii nilijiwekea lengo moja tu: bangili ambayo mtu ataivaa akifua, akioga na akilala, na isikatike.

Kutunga shanga kwenye uzi mmoja hakukunipa shida. Tatizo la mtungo ni kwamba uzi ukikatika mahali popote, shanga zote zinamwagika, na ushanga ulioingia chini ya kabati ni wa kabati. Nikahamia kwenye kufuma, kwa mshono uitwao peyoti, ambao shanga hukaa zikiwa zimepishana na kila moja hupitiwa na uzi zaidi ya mara moja. Hata sehemu moja ikilegea, zilizobaki zinashikana.

Mwanzo wa peyoti ndio unaowakimbiza wengi. Safu mbili za kwanza hutungwa kwa pamoja. Ukianza ya tatu unaokota ushanga mpya, unaruka mmoja, unaingiza sindano kwenye unaofuata. Hapo kazi hujisokota mpaka hujui juu ni wapi na chini ni wapi. Kilichonivusha ni rangi. Nilitunga nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu, jumla yake ikiwa shufwa, nikimalizia na nyekundu. Sindano ikirudi, inaingia kwenye nyeupe tu. Nyekundu zote zinarukwa. Ukiona umeingia kwenye nyekundu, fumua papo hapo. Kufikia safu ya tano vidole vimeshaelewa. Idadi ya witiri inafaa ukitaka ua likae katikati kabisa, lakini kona yake moja haina mahali pa kushikia uzi, na kwa anayeanza simshauri.

Nilijifunzia shanga za namba 8. Namba ikipanda, ushanga unapungua: namba 8 una kama milimita 3, namba 11 kama milimita 2, na namba 15 ni mdogo zaidi, tundu lake hujaa uzi upesi. Zilipozoeleka ndipo nikashuka kwenye 11. Kwa kufuma bapa napenda shanga za Japani zenye umbo la silinda, kama za Miyuki, maana zinalingana na kitambaa kinalala vizuri. Za Jamhuri ya Cheki ni za mviringo na unene wake hutofautiana kidogo. Wapo wanaoona hilo ni kasoro, mimi naona kwenye mtungo ndipo uzuri wake ulipo. Vyovyote iwavyo, kabla ya kushika sindano namwaga shanga kwenye kitambaa kizito na kutoa zilizo nene mno, nyembamba mno au zenye tundu lililoziba. Kazi hiyo inachosha, lakini bila hiyo kingo za bangili huyumba.

Sasa uzi. Uzi wa kushonea nguo haufai, hata uwe mzuri namna gani: unachakaa haraka kwenye kingo za kioo. Natumia nailoni ya shanga kwa vitu vinavyotakiwa kuwa laini, na kwa bangili natumia uzi wa kusukwa, wa aina ile ya wavuvi, ambao hauvutiki na unahimili msuguano. Shanga ndefu za mrija zina ncha zenye makali zaidi. Kila upande wa mrija naweka ushanga mdogo wa duara ili uzi usigeukie kwenye ncha ile. Mkazo nao una kiasi chake. Ukivuta sana bangili inakuwa ngumu na kukunjana, ukilegeza unaonekana uzi kati ya shanga. Mimi huzungusha uzi kwenye kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na kidole hicho ndicho kinachopima.

Uzi ukikaribia kuisha siufungi fundo kubwa. Naacha mkia wa kama sentimita 15, nauingiza uzi mpya ndani ya safu zilizokwisha, nikigeuza mwelekeo mara kadhaa ili ujifunge wenyewe. Fundo likikwama ndani ya tundu, sindano haitapita tena, na ukilazimisha ushanga unapasuka.

Penye kufungia natumia kikulabu cha chuma na pete ndogo. Pete hiyo hufunguliwa kwa koleo mbili, ncha moja ikienda mbele na nyingine nyuma. Ukiipanua kwa kuivuta kando hairudi duara lake, na bangili nzuri huanguka hivyo bila uzi kukatika. Anayewashwa ngozi na vito vya bei nafuu mara nyingi huwashwa na nikeli, kwa hiyo mtu wa namna hiyo namwekea kitufe cha ushanga na kitanzi cha uzi.

Kipimo nachukua kwenye kifundo cha mkono, naongeza sentimita 2. Shanga zikiwa nene naongeza zaidi, kwa sababu unene wake hula nafasi upande wa ndani.